Mtepe, Mashua na Mashindano ya Tanga katika Mwambao wa Burgao

Chombo kitokacho Kiamboni kuelekea Kismayo hakina haja ya kutoka bahari kuu. Upande wa mashariki umejipanga mwamba mrefu wenye visiwa juu yake, na baina ya mwamba huo na bara pana maji yaliyotulia, ambayo Wabajuni wameyatumia kama barabara tangu zama za mababu wa mababu zao. Chombo kikimaliza thuluthi hivi ya safari hiyo, hukuta mkono wa bahari unaoingia bara, na kando yake ndipo ilipo Burgao. Wasomali huiita Buur Gaabo, yaani kilima kifupi; Waingereza waliiandika Port Durnford katika ramani zao. Ni bandari ndogo, lakini ni bandari ya kweli, na nahodha aliyebanwa na kusi kali alijua thamani yake.

Wasomaji wetu wa historia huenda wakaikumbuka Burgao kwa sababu nyingine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, afisa mmoja Mwingereza aitwaye Haywood alisema amepata hapo sarafu za kale, zikiwamo za Misri ya Waptolemi na za Rumi, na wataalamu wamebishana juu ya sarafu hizo tangu zilipotangazwa. Neville Chittick, aliyeikagua pwani hiyo katika miaka ya 1960, hakuona magofu yenye umri wa kuzishuhudia. Sisi hatukusudii kuingia katika ubishi wa sarafu. Sarafu huweza kuletwa na yeyote na kuangushwa popote. Tunalotaka kulieleza hapa ni jambo lililozaliwa katika maji hayo hayo na kukuzwa na wenyewe: kushindana kwa vyombo vya tanga. Twataka kujua kwa nini mchezo huo uliwavutia watu kiasi kile, na kwa nini aina za vyombo vilivyoshindana zimekuwa zikitoweka moja baada ya nyingine.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Tukisikia neno mashindano siku hizi, tunafikiria siku maalumu, kamati, boya la kuzungukwa, zawadi na kipaza sauti. Mashindano ya namna hiyo ni mageni. Mashindano ya asili hayakutangazwa na mtu. Wavuvi walitoka na umande alfajiri, wakarudi alasiri kwa upepo wa baharini, na kila chombo kikitaka kuwahi pwani kabla ya chenzake, kwa kuwa samaki wa kwanza ndiye mwenye bei na samaki wa mwisho huishia kupigwa ng'onda. Vivyo hivyo kwa waliobeba papa mkavu na boriti kwenda Lamu na Mombasa. Vyombo viwili vilivyokutana njiani, vikishika upepo mmoja kuelekea bandari moja, tayari vimo katika mashindano hata kama manahodha hawajasalimiana. Wazee waliokaa pwani walikuwa na macho ya kulitambua tanga kabla halijaonekana umbo la chombo chenyewe, na kabla nanga haijatiwa walikwisha kuhukumu nani kaendesha vyema na nani kabahatika.

Hapo ndipo ulipokuwa mvuto wa mchezo huu. Hapakuwa na mtazamaji asiyejua. Aliyekaa juu ya mchanga alikuwa amewahi kushika demani au amezaa mshika demani. Fundi aliyekiunda chombo alikuwa hapo, mshonaji wa tanga alikuwa hapo, mwenye chombo na mdai wake walikuwa hapo. Chombo kilichoshindwa jana kilirudi kazini leo, kikakarabatiwa kwa aibu ya jana, na msimu uliofuata kikatoka na mkuku uliorefushwa au foromali mpya. Kwa maneno mengine, mashindano yalikuwa ni chuo cha uundaji, na hayakumgharimu mtu zaidi ya gharama ya kazi yake ya kila siku.

Chombo kilichowapa Wabajuni sifa kuliko vyote ni mtepe. Juu ya mtepe tumeandikiwa mengi, na baadhi ya mengi hayo ni hekaya. La hakika ni kwamba mbao zake hazikupigiwa misumari bali zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na kwamba tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa wa umbo la mraba. Uundaji wa kushona ni wa kale mno katika pwani yetu. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1, aliyeandika mwongozo wa safari za bahari hii, anavitaja vyombo vya kushonwa, na mji wa Rhapta umepata jina lake kutokana navyo. Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, aliieleza sababu ya mabaharia wa Bahari ya Hindi kupenda ushoni: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, na kilichoshonwa hunyumbuka. Wareno wa Vasco da Gama walipofika mwaka 1498 waliviona vyombo visivyo na misumari, vyenye matanga ya mikeka, wakaviandika kwa mshangao.

Omo ya mtepe ilichomoza mbele kama shingo ndefu, na wengi wamesema inaigiza shingo ya ngamia wa Mtume. Tunaipenda riwaya hiyo, ingawa si lazima kuiamini. Kilichokuwa muhimu zaidi kwa baharia ni kwamba mtepe uliweza kupandishwa ufukweni pasi na gati, ukapigwa na mawimbi pasi na kupasuka, na ukatengenezwa kwa vitu ambavyo havikuhitaji kununuliwa kwa mgeni: mnazi ulitoa kamba, mkoko ulitoa mataruma, mkoma ulitoa tanga. Mtu wa kisiwa cha Chovai au Koyama hakuhitaji duka ili awe na chombo.

Hata hivyo mtepe ulikuwa na maradhi mawili. La kwanza ni maji. Kila tundu la kamba ni mlango, na mabaharia hawakupumzika kuyafua maji safari nzima. La pili ni tanga. Mkeka wa mraba hufaa sana upepo ukiwa nyuma, na ndiyo maana mtepe ulikwenda na kaskazi na kurudi na kusi bila haraka. Lakini upepo ukiwa mbele, tanga la mraba la miyaa haliwezi kushindana na tanga la pembe tatu lililokatwa kwa kitambaa. Nguo nzito ya pamba iliyotoka Marekani, ambayo watu wetu hata leo huiita marekani, ilipojaa katika maduka ya pwani katika karne ya 19, mashua na jahazi zilipata tanga jepesi. Misumari nayo ikawa rahisi kupatikana. Kamba ya makumbi huoza, na chombo kilichoshonwa hakina budi kushonwa tena na tena, kazi ya mikono mingi na siku nyingi. Mwaka 1919 Lydekker aliandika makala juu ya mtepe wa visiwa vya Wabajuni akiwa bado anaweza kuuona. Mwaka 1941 James Hornell alipochapisha uchunguzi wake juu ya mtepe na dau la Lamu, alikuwa akiandika juu ya chombo ambacho kimekwisha kuaga bahari. Ulipotakiwa mtepe wa kuwekwa katika Beit al-Ajaib huko Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibidi uundwe mpya.

Wako wanaosema kwamba mtepe uliuawa na wageni. Sisi twaona kwamba uliuawa kwanza na mashua, na mashua iliundwa na mafundi wale wale, Wabajuni na Waamu, waliojua kushona. Baharia aliyeachwa nyuma akibisha kuingia bandarini, huku mwenzake mwenye tanga la pembe tatu amekwisha kuuza samaki, hakuhitaji kushawishiwa na mtu. Mashindano yale ya kila siku tuliyoyataja ndiyo yaliyotoa hukumu.

Mashua ikarithi mchezo, na katika mikono ya mabaharia wa kutoka Kismayo hadi Lamu ikawa chombo cha kushindania hasa. Msomaji ambaye hajapata kuingia ndani yake atuwie radhi tukieleza kidogo. Mlingoti ni mmoja, nao umeinamia mbele. Juu yake huning'inia foromali, mti mrefu ambao aghalabu huwa ni miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja, na kwenye foromali limefungwa tanga. Kona ya mbele ya tanga hukazwa omoni. Ya nyuma ina kamba ambayo ni demani, na anayeishika huisikiliza kama mpanda farasi asikilizavyo hatamu. Chini, ndani ya ngama, pana farumi, yaani mawe au magunia ya mchanga ya kukituliza chombo. Upepo ukiongezeka, mashua nyembamba yenye tanga kubwa hulalia upande wa demani hata maji yakaramba ubavu. Hapo watu hukimbilia upande wa joshi. Na ikiwa hilo halitoshi, ubao mrefu hutolewa nje kuvuka ubavu wa chombo, na mabaharia huupanda mmoja baada ya mwingine wakakaa juu ya bahari tupu, uzito wao ukipigana na upepo. Upepo ukikatika ghafla, wote huchovya migongo. Pwani nzima hucheka, na si kicheko kibaya.

Lakini jambo linaloamua mashindano ya mashua ni kugeuza. Tanga la pembe tatu halipinduki kwa urahisi kama matanga ya Wazungu. Foromali haina budi kupitishwa upande wa pili wa mlingoti, na kona za tanga kuzungushwa mbele, wakati chombo kinaendelea kwenda na mawimbi yanaendelea kuja. Hapo mabaharia kumi wasiozoeana ni wabaya kuliko watano waliokulia chombo kimoja. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Usemi huu watoto wetu huukariri darasani kama fumbo la utawala, na kwa aliyeona mashua ikipinduliwa kwenye boya huku watu watatu wakitoa amri si fumbo hata kidogo.

Kusini zaidi, kuanzia Unguja, chombo cha wanyonge kilikuwa ng'alawa. Ni mtumbwi wa gogo la mwembe au mti mwingine mkubwa, uliowekewa ndubi mbili, moja kila ubavu, ili usipinduke. Kwa sababu ya ndubi hizo, kijana asiye na uzoefu anaweza kupandisha tanga kubwa kuliko busara yake akarudi hai. Kinga humpa mtu ujasiri wa kwenda mbio, na chombo chenye kinga, kikiwa pia rahisi, huvuta vijana wengi. Mashindano ya ng'alawa yamependwa Unguja kwa muda mrefu, na tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limeyatia mara nyingi katika ratiba yake. Hata hivyo magogo makubwa yamekuwa adimu, na mvuvi mwenye fedha kidogo siku hizi huitia katika mbao au katika chombo cha faiba.

Jambo hili la aina ndogo ya chombo kupendwa na kisha kufifia si la bahari peke yake. Mfano mmoja kutoka mbali utatusaidia. Mwaka 1956, huko Glendale katika jimbo la California, Marekani, fundi aitwaye Art Ingels aliunda kigari kidogo cha mbio kwa mabomba ya chuma na injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi. Mchezo ukaenea, na baadaye wakatokea wanaoshindana katika njia za udongo zenye umbo la yai, vigari vyao vimezungushiwa kizimba cha vyuma ili dereva asipondeke kikibiringika. Kizimba kile ni ndubi ya nchi kavu. Baba na mwanawe waliweza kukiunda kigari nyuma ya nyumba yao, na wako waliotoka humo wakafika mbali: Kyle Larson, bingwa wa NASCAR wa mwaka 2021, alianzia utotoni katika vigari vya namna hiyo huko kaskazini mwa California. Lakini injini mpya zilipokuja, kila moja ikadai daraja lake. Mahali palipokuwa na kundi moja kubwa la washindani pakawa na makundi mengi madogo, na aliyenunua injini ya jana akajikuta hana wa kushindana naye. Hakuna aliyeuchukia mchezo. Watu walichoka kununua.

Tukirudi kwetu, twaona mfanano na twaona tofauti. Mfanano ni kwamba mchezo wa namna hii huishi kwa wingi wa vyombo vinavyofanana. Mashua ishirini za uvuvi zinazorudi pamoja hutoa mashindano hata bila ya zawadi; mashua mbili zilizoundwa kwa ajili ya mbio tu hazitoi kitu zilipokosekana fedha za mfadhili. Tofauti ni kwamba katika mwambao wa Burgao hapakuwa na nafasi ya watu kuchoka. Vyombo viliondolewa na mambo ambayo hayakuhusu mchezo wala bei ya mbao.

La kwanza lilikuwa mpaka. Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza hadi walipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925, kwa mapatano ya mwaka uliotangulia. Tangu hapo Mbajuni wa Faza au Kizingitini aliyekwenda Burgao kwa nduguze alikuwa akivuka kutoka dola moja kwenda nyingine, ingawa upepo haukubadilika. Kwa miaka mingi mpaka huo ulikuwa mwepesi. Vittorio Grottanelli, mtaalamu wa Kiitalia aliyechapisha kitabu juu ya wavuvi hawa mwaka 1955, aliwakuta wakiendelea na ufundi wao, pamoja na ule unaowashangaza wasomaji hadi leo, wa kuwanasa kasa kwa kumfunga kamba samaki aitwaye chazo na kumwachilia akamgande kasa. Uhuru wa Somalia ulipokuja mwaka 1960 na wa Kenya mwaka 1963, mpaka ukaota meno. Katika vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara nchini Kenya vilihamwa, watu wakajazana visiwani. Njia ya ndani ya mwamba ikaanza kuwa njia ya kutiliwa shaka.

La pili lilikuja kwa nia njema. Katika miaka ya 1970 serikali ya Siad Barre iliunda vyama vya ushirika vya wavuvi na kugawa mashua za injini, na baada ya ukame wa 1974 na 1975 ikajaribu kuwafanya wafugaji waliopoteza mifugo kuwa wavuvi. Injini haina kosa. Mvuvi anayerejea salama dhidi ya kusi hawezi kulaumiwa kwa kuipenda, na sisi tunaokaa darasani hatuna haki ya kumtaka aendelee kubisha ili tupate tamasha. Ila injini ya serikali huhitaji petroli ya serikali na vipuri vya serikali. Na mtoto aliyekua karibu na injini hajui kulitazama tanga. Serikali ilipoanguka Januari 1991, injini zilikwama, na ujuzi wa kale ulikuwa umepungua nusu.

La tatu lilikuwa vita vyenyewe. Wabajuni hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwakinga. Visiwa vilivamiwa, nyumba na vyombo vikaporwa, na wengi wakaikimbia pwani kwa zile zile mashua zilizokuwa zikishindana, wakashuka Mombasa na kuwekwa katika kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa mwaka 1997. Pengine safari ile ya 1991 na 1992 ndiyo safari kubwa ya mwisho ya mashua za Burgao na visiwa vyake, na ndani yake hapakuwa na wa kushindana. Waliorejea walikuta wenyeji wengine. Kuanzia Agosti 2008 Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yakavuka mpaka, na mwishoni mwa Septemba 2012 yakaingia Kismayo. Katika miaka yote hiyo chombo kilichoonekana kinakwenda mbio baharini kilikuwa chombo cha kupigwa risasi.

Upande wa Lamu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mchezo haukufa, ulihamishwa kutoka katika siku za kazi ukatiwa katika siku za sherehe. Siku za Maulidi, na katika tamasha la utamaduni lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na wakati mji ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mashua hushindana kwenye mlango wa bahari baina ya Lamu na Manda, sambamba na mbio za punda na za kuogelea. Umati ni mkubwa, na nahodha mshindi hubebwa. Ufundi wa kuunda ungalipo Matondoni. Hatutaki kuidharau furaha hiyo, ambayo ni ya kweli.

Lakini tuangalie vyombo vyenyewe. Jahazi kubwa za boriti zilipata pigo mwaka 1982, Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Mashua nyingi zilizobaki na tanga ziliendelea kwa fedha za watalii, na utalii huo ukayumba baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011 na baada ya mauaji ya Mpeketoni mwaka 2014. Kwa miaka kadhaa baada ya 2011 wavuvi walikatazwa kutoka usiku, kwa ajili ya usalama. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021 mahali walipozoea kuvua, na mahakama ilikuwa imekwisha kuwaamulia wavuvi fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018. Hata kile chombo kilichosifiwa na dunia nzima, Flipflopi, kilichoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za takataka za plastiki na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019, kilisafiri kwa tanga kwa sababu kilikuwa na ujumbe wa kuupeleka. Hakikubeba samaki. Twaona kwamba tanga la Lamu linazidi kuwa tanga la ujumbe, na mashua ya mbio inazidi kuwa chombo cha mbio tu, chenye farumi ya mchanga mahali pa shehena. Mwenye hoteli akifunga hoteli, boya halitawekwa.

Na pamoja na chombo huondoka maneno. Kwa walimu wa Kiswahili hili si dogo. Joshi na demani, goshi na farumi, ngama na omo, yote yamo katika kamusi zetu, na mwalimu anaweza kuyafundisha kama msamiati wa mtihani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: mwanafunzi wa bara huieleza maana ya methali hii vizuri sana, na akiulizwa tezi ni wapi huonyesha shingo yake. Katika Kibajuni, yaani Kitikuu, maneno ya chombo na samaki yalikuwa mengi zaidi kuliko katika Kiswahili cha vitabu, na baadhi ya hayo Derek Nurse na wenzake waliyakusanya kutoka kwa wasemaji wakati visiwa vyenyewe vimekwisha kutawanyika.

Maneno hayo yamepata kazi ambayo mafundi wa mtepe hawakuitazamia. Wabajuni waliofika Uingereza kuomba hifadhi, tangu miaka ya 1990 na kuendelea, walitakiwa kuthibitisha kwamba wametoka kweli katika visiwa vya Somalia, na si katika pwani ya Kenya. Hati hawakuwa nazo. Basi wakaulizwa majina ya visiwa na mpangilio wake, wakaulizwa habari za uvuvi, na sauti zao zikanaswa na kupelekwa kwa wachunguzi wa lugha ili wapime ni Kibajuni cha wapi. Mzee aliyekuwa nahodha angeweza kujibu usiku kucha. Kijana aliyezaliwa Chovai mwaka 1989, akapakiwa kwenye mashua akiwa na umri wa miaka miwili na kukulia Mombasa miongoni mwa wasemaji wa Kimvita, alijibu kwa Kiswahili cha Mombasa, na Kiswahili chake kikatumika kuwa shahidi dhidi yake.